Jina Nililopewa Beverley

Beverley, mkesha wa Mtakatifu Luka, mwaka wa kumi na mbili wa Mfalme Edward

Dada yangu Hawisa,

Kama kuna mtu ambaye Mungu alimuumba huku akicheka, ni mimi mdogo wako. Kaa chini kwanza. Umekaa? Mimi ni mtu huru. Umetimia mwaka mmoja na siku moja, muda ambao mtoro wa bwana akiumaliza mjini huwa huru, tangu niliporuka ukuta wa zizi la bwana wetu hapo Skarthorpe nikiwa na kiatu kimoja, na leo wakubwa wa mji wa Beverley wamenitazama usoni, kengele imelia, na imekwisha. Si wa bwana yeyote tena. Thurstan msimamizi akinitaka, aje na kofia mkononi abishe hodi kama watu wengine.

Salamu zilipaswa kutangulia, najua, lakini furaha imezipiga kumbo. Haya, nakusalimu wewe, na shemeji Adam, na mwanao Tilda, na Mama. Mwambie Mama bado nina meno yote. Yule ng'ombe mwekundu hajambo? Msalimie naye, alinifichia siri usiku ule.

Jambo la pili. Nimepewa jina. Huko nyumbani nilikuwa Osbert mwana wa Gamel, jina la kuazima kwa marehemu. Hapa mimi ni Osbert Walker. Mtaa mzima unaniita hivyo bila kulazimishwa. Wenye majina mawili katika nchi hii ni wale mabwana ambao babu zao walivuka bahari na farasi, na sasa ni mimi. Nimeoa pia. Anaitwa Ysolda, binti wa mtu anayechana sufu, ana ulimi wa kukata jibini, na Pasaka tunategemea mtoto. Nyumba yangu ina mlango wa mwaloni.

Mwandiko usikuchekeshe. Padri mzee alinifundisha nusu ya herufi kabla Baba hajatozwa faini kwa kumsomesha mtoto bila ruhusa ya bwana. Nusu iliyobaki nimeibuni mwenyewe, na nadhani yangu ni bora.

Barua hii inaletwa na Wymund mchuuzi wa samaki wakavu. Usimpe bia kabla hajakupa barua.

Mdogo wako mwenye bahati,
Osbert Walker

*

Skarthorpe, juma la pili la Majilio

Mdogo wangu Osbert,

Anayeandika ni Padri Ivo na anayesema ni mimi, kwa hiyo ukikuta neno la Kilatini ujue si langu.

Mama anakusalimu. Macho yake sasa yanajua mchana na usiku tu, mengine anayapata kwa pua. Aliposomewa barua yako aliinusa pia. Akasema, "Inanuka zizi." Nikamwambia Mama, mwanao ni mtu wa mjini sasa. Akasema, "Basi mji una zizi." Tilda hajambo, ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kama mchungaji.

Adam amefariki. Homa ilimshika kabla ya Watakatifu Wote na haikumwacha. Nilimwosha mwenyewe. Ng'ombe mwekundu umuulizaye amechukuliwa na bwana, kama ilivyo desturi mwenye shamba akifa. Alikataa kutoka mlangoni, wakamsukuma watu wanne.

Sasa Thurstan amekuja mara mbili. Anasema shamba la bwana halikai mikononi mwa mjane, linataka mwanamume. Nimepewa hadi Pentekoste nichague mume, nisipochagua baraza litanichagulia. Yeye tayari anaye: mzee Warin wa kisimani. Nikamuuliza, "Warin amebakiwa na meno mangapi?" Thurstan akasema, "Huolewi na meno, unaolewa na ng'ombe wake wanne." Nikamwambia, "Basi nipeni ng'ombe, na Warin mkamlaze na wake zake watatu." Amezika watatu, Osbert, na wote waliingia kwake wakiwa wazima.

Padri Ivo anacheka badala ya kuandika.

(Mimi Ivo sikucheka. Nilikohoa.)

Tumefurahi kwa ajili yako, zaidi ya ninavyojua kusema. Katika nyumba hii kuna mtu mmoja huru, na jina lake tunalitaja kabla ya kula. Ila Mama anauliza, na mimi nauliza: hilo jina Walker ni la nini? Hapa mtu huitwa Warin wa kisimani kwa kuwa anakaa kisimani. Wewe wanakuita hivyo kwa sababu gani?

Dada yako,
Hawisa

*

Beverley, baada ya Sikukuu ya Mishumaa

Dada yangu,

Pole. Nimekaa na neno hilo moja tangu Wymund aliponipa barua, na ndiyo sababu ya kuchelewa, pamoja na theluji. Adam alikuwa mtu mwema. Alinipa kile kiatu kimoja, sikuwahi kukuambia. Cha pili alisema atakihitaji kwa kulimia. Nimemwashia mshumaa pale kanisa kuu, mshumaa mnene, si vile vijiti vya nyumbani kwetu.

Ysolda anakusalimu. Tumbo lake linafika mezani kabla yake.

Kuhusu jina. Mwambie Mama, pua yake ni ya ajabu. Walker maana yake mkanyagaji. Kitambaa kikitoka kwa mfumaji ni kama mzee Warin, kimelegea, kina matundu na kimejaa mafuta. Unakitia kwenye hori refu la mbao, unamwaga udongo mweupe na mkojo uliolala mpaka ukali ukutoe machozi. Usikunje pua, Padri Ivo, kanzu yako ilipita humohumo. Kisha watu wanapanda peku, wameshika mti wa juu, wanakanyaga toka asubuhi hadi jioni mpaka nyuzi zishikane na zisiachane tena milele. Ndipo kitambaa kinakuwa nguo. Asubuhi wake za watu wanapanga mitungi ya usiku milangoni na kuita, "Walker! Njoo uchukue!" Askofu mkuu mwenyewe anatuchangia.

Hapa nilipofika kulikuwa na Osbert watatu. Mmoja mwokaji, mmoja ana jicho moja, na mimi. Ungewatofautishaje? Kila mmoja akaitwa kwa alichonacho. Mwenye tanuri tanuri lake, mwenye jicho jicho lake, na mimi Walker. Kuna mnunuzi wa sufu aliyetembea nchi nzima, ameniambia kwamba watu wa kusini mtu wa kazi hii humwita Fuller, na wa magharibi humwita Tucker. Nikamwambia, "Majina matatu, lakini mkojo ni uleule." Alicheka hadi akaninunulia bia. Anasema pia kuna vinu vya maji sasa vyenye nyundo za mbao vinavyokanyaga badala ya watu. Siku vitakapofika hapa, tutabaki na jina bila kazi. Mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia.

Usinielewe vibaya. Mimi sipandi horini. Mimi nasimama pembeni na fimbo, nasema, "Kanyageni."

Sasa kuhusu Warin. Dada, kwa nini uolewe na kaburi wakati una kaka? Mlango wangu upo. Njoo. Mtwae Tilda, vukeni mashamba siku ya gulio watu wakiwa wengi, mfike hapa mkae kwangu mwaka mmoja na siku moja, na kengele itawalilia na nyinyi. Mtu huru anaweza kuweka nyumbani kwake amtakaye. Nimeapa hapa, mbele ya mshumaa wa Adam.

Osbert

*

Skarthorpe, juma la pili la Kwaresima

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Tilda ameota jino moja. Kwaresima mwaka huu ni ndefu, tumekula njegere mpaka tumesahau umbo la yai. Padri Ivo anakusalimu, na anasema kanzu yake amepewa na mjomba wake wala haina mkojo.

Barua yako nimesomewa mara nyingi. Mpaka Padri amechoka, sasa anaisema bila kuitazama.

Nimemwambia Mama kwamba nataka kuja. Nilidhani atalia. Akasema, "Mmoja alitoka na kiatu kimoja. Wewe toka na viwili." Nikamuuliza yeye je, akasema atahamia kwa dada yake karibu na makaburi, na kwamba Thurstan hawezi tena kumwoza kwa mtu, hiyo ndiyo faida ya kuwa kipofu.

Lakini Osbert, mimi si wewe. Wewe uliruka ukuta ukiwa na roho moja. Mimi nina mbili. Nikiondoka, shamba limekwenda siku hiyohiyo. Nikirudishwa, nitarudi pasipo kitu, na Tilda wataniondolea wamtie jikoni kwa bwana, na huko watoto huingia na meno ya utotoni wakatoka na mvi. Kwa hiyo nauliza kama ninavyouliza sokoni. Thurstan akija Beverley na kamba, wewe utasimama mlangoni umwambie aondoke? Na mji utasimama nyuma yako?

Nilimpa Wymund bia. Nilimpa kabla ya barua, nisamehe, nilikuwa na shida yangu. Nikamuuliza, "Nyumba ya mdogo wangu ikoje?" Akatazama kikombe. Nikamuuliza, "Ule mlango wa mwaloni umeuona?" Akasema, "Dada, bia hii umetia asali?" Nikasema, "Anakula vizuri?" Akasema, "Miguu yake ni myeupe." Nikamwambia, "Nimekuuliza chakula." Akasema, "Myeupe na imekunjamana, kama ya mtu aliyeopolewa mtoni." Basi akafunga samaki wake.

Mwenye kusimama pembeni na fimbo, miguu yake hulowana na nini?

Nijibu upesi. Warin amepita hapa jana akapima mlango wetu kwa mikono, eti kabati lake litapita.

Hawisa

*

Beverley, Jumatano ya Pasaka

Dada mpenzi,

Kristo amefufuka, na mimi nimekuwa baba! Mtoto wa kiume, ana kichwa kikubwa kama cha Baba na sauti kama mpiga mbiu. Tumembatiza Jordan. Ysolda mzima, anakula mayai kama mbweha. Angejua una njegere tu angekuletea mwenyewe.

Nikusimulie ubatizo. Tulipotoka kanisani wake wa mtaani walikuwa wamejipanga njiani na mitungi yao, maana ilikuwa asubuhi, kazi haijui sikukuu. Mmoja akafunua blanketi, akatazama, akasema, "Aa, Walker mdogo huyu." Mwingine akasema, "Karibu, Jordan Walker, mtungi wako huu." Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nani hacheki siku ya ubatizo. Hana hata siku moja duniani, hajakanyaga chochote ila ubavu wa mama yake, tayari wamempa. Mimi jina nilipewa kwa kazi. Yeye kwa nini? Nilipofika nyumbani nilikuwa bado nacheka, Ysolda akaniuliza, "Mbona unalia?"

Wymund ni mlevi, na samaki wake wana funza. Usimsikilize mambo ya miguu.

Kuhusu swali lako, jibu lake ni refu na wino ni mfupi. Barabara bado ni matope. Usifanye haraka. Thurstan mwambie umeanza kumpenda Warin lakini unataka kufuma shuka kwanza, wanaume huamini mambo ya shuka. Subiri kidogo. Subiri hadi katikati ya kiangazi, kuna jambo nalitengeneza hapa.

Osbert

*

Skarthorpe, Jumapili baada ya Kupaa

Osbert,

Tunakusalimu wote. Mbusu Jordan. Mama alipoambiwa ana kichwa cha Baba alitaka aandikiwe hilo tena, kwa hiyo andika tena.

Siwezi kusubiri hadi kiangazi. Leo kanisani wametangaza ndoa mara ya pili, mimi na Warin. Alivaa kofia mpya. Jumatatu baada ya Pentekoste baraza linakaa, na hapo Thurstan ataniwekea mkono wake kichwani mwangu kama anavyomwekea ndama, na itakuwa imekwisha.

Nilimwambia hayo ya shuka. Akasema, "Warin anazo shuka za wale watatu."

Kwa hiyo ninaondoka Ijumaa. Siku hiyo wanaosha kondoo mtoni, kijiji chote kinalowa, hakuna atakayehesabu vichwa vya watu. Mimi na Tilda tutapita juu ya vilima na tutashuka kwako tukifuata mnara wa kanisa kuu. Mama amekwisha kuhama. Amesahau jembe kwa makusudi ili watu wadhani tutarudi.

Swali langu hukulijibu. Nimelitafuta katika barua yote, nikadhani Padri ameruka mstari, nikamfanya aisome akiwa ameweka kidole. Halimo. Nimejiambia kwamba mwanamume aliyepata mtoto husahau. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na bado sijaamini, lakini kati ya jambo nisiloliamini na Warin, nachagua wewe.

Wymund anaondoka sasa hivi na atarudi huku Alhamisi. Kama kuna lolote hukuniambia, atanikuta bado nipo. Baada ya hapo sipo.

Hawisa

(Mimi Ivo, nanyi wawili ni mashahidi, sijui nilichokiandika. Nilikuwa nimesinzia. Mungu awatangulie mtoto na mama yake.)

*

Beverley, Jumatano kabla ya Pentekoste

Hawisa, dada yangu,

Nawasalimu. Kichwa cha Jordan ni kama cha Baba. Mwambie Mama nimeandika tena.

Usiondoke Ijumaa kabla hujasomewa barua hii hadi mwisho. Nimemwambia Wymund asisimame kuuza hata samaki mmoja njiani, na nimemwambia nikisikia kalewa nitamtia horini. Padri Ivo, tafadhali usiruke mstari.

Jana nilikwenda mbele ya wakubwa wa mji. Nilivaa shati alilonishonea Ysolda kwa ajili ya harusi. Nilikuwa nimekwenda mara moja kabla, ile siku ya mkesha wa Mtakatifu Luka. Nilihesabu mwaka wangu kama mwanamke anavyohesabu mimba, nikautimiza, nikaenda nikifikiri watanifungulia mikono. Wakaniuliza kazi. Nikasema kwa fahari, mkanyagaji. Karani hakuinua hata macho. Akasema, "Wewe huwezi." Nikamwambia nina mwaka na siku. Akasema, "Hata uwe na miaka mia. Desturi ya mji huu ni kwamba mfumaji na mkanyagaji hawi mtu huru. Hawezi kumshtaki mtu huru, wala kusimama kushuhudia juu yake. Mwaka wako ulikuwa unaukanyagia bure."

Nani angejua, Hawisa? Katika nchi nzima ya Mfalme kuna kazi ngapi? Mimi niliruka ukuta usiku, nikapita mashamba, nikabisha mlango wa kwanza uliokuwa na mwanga, na ulikuwa mlango wa mkanyagaji. Ungekuwa wa mwokaji, leo barua hii ingekuwa ya mtu mwingine.

Lakini karani alisema na jambo lingine siku ile. Mkanyagaji akitaka kuwa huru lazima aape kuiacha kazi na avitoe vyombo vyote vya kazi nyumbani mwake. Hilo ndilo jambo nililokuandikia kwamba nalitengeneza. Tangu Pasaka natafuta kazi nyingine. Nilikwenda kwa mwokaji, yule Osbert mwenzangu. Akasema, "Walker kwenye unga wangu? Nani atanunua mkate?" Nikaenda kwa fundi wa paa, akasema, "Wewe si Walker?" Nikaenda kwa wachimba mitaro, Hawisa, wachimba mitaro! wakaniuliza jina, nikasema Osbert mwana wa Gamel, na mwanamke aliyekuwa anapita akaita, "Walker, mtungi wangu tangu jana!"

Basi jana nikasema nitaapa kwanza, kazi nitatafuta baadaye. Nikasimama mbele yao. Karani akasema, "Jina?" Nikasema, "Osbert mwana wa Gamel." Mmoja wa wakubwa akasema, "Huyu ni Osbert Walker, anachukua mkojo wangu." Wakaandika Walker. Karani akasema, "Vyombo vyako vya kazi umevitoa nyumbani?" Nikasema hori si langu, ni la bwana ninayemfanyia kazi, naye pia si huru. Udongo ni wake. Mti wa kushikia ni wake. Nyumba ni banda lake, na mlango wake ni ngozi ya ng'ombe. Akasema, "Mimi sikuulizi ya bwana wako. Wewe unakanyagia nini?"

Nikatazama chini, miguuni pangu. Wote wakatazama chini.

Karani akasema, "Hivyo basi. Viache nje ya mlango, kisha uingie uape."

Walicheka sana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, unanijua, siwezi kumwachia mtu mwingine mzaha mzuri. Nikacheka hadi nje, nikacheka hadi mtoni. Leo asubuhi nimepanda horini kama kawaida. Sijawahi kushika fimbo yoyote.

Sasa jibu la swali lako, ambalo nilikuwa nalo tangu ulipouliza. Thurstan akija na kamba, nitasimama mlangoni. Hilo ni kweli, na sitaondoka. Lakini mji hautasimama nyuma yangu. Yeye ni mtu huru, mimi ni mkanyagaji, neno langu mbele ya lake halina uzito wa unyoya. Na akiwa hapo ataniona na mimi, na atakumbuka kwamba nilipotea zizini. Kamba hiyo itatutosha sote. Ukija kwangu mwaka wako hautahesabiwa, kwa sababu utaukaa chini ya paa lisilohesabiwa.

Kuna lingine. Ukija, Tilda ataitwa Walker. Hakuna mtu atakayewaza kuuliza kwa nini. Jordan wangu ameitwa bado ana damu ya mama yake kichwani, na watoto wake wataitwa, na siku vile vinu vya maji vitakapokuja na horini hakuna mguu wa mtu, wataendelea kuitwa. Huko kwetu walitufunga kwa shamba. Hapa wamenifunga kwa jina. Shamba angalau nililiruka.

Siwezi kukuambia uolewe na Warin. Ulimi unakataa. Siwezi kukuambia uje. Nilikuchorea mlango ukutani kwa makaa, nikakuita uingie, na wewe ukaanza kufunga mizigo. Hata hapo Pasaka ningeweza kusema. Nilitaka meza moja tu duniani ambapo jina langu linatajwa kabla ya kula.

Wymund anakuletea kipande cha nguo. Ni cha ukingoni, bwana wangu amenipa. Nimekikanyaga mwenyewe, nyuzi zake haziachani na mvua haipiti. Kinamtosha Tilda kama joho, hata akikua. Ukibaki, avae. Ukitoka kwenda mahali pengine, mji mwingine, kwa mtu mwingine mwenye mlango wa kweli, avae pia, na mlango wa kwanza mtakaoubisha, uliza kwanza humo wanafanya kazi gani. Na ukija hapa hata baada ya kusomewa haya, basi banda lipo karibu na mto, utalijua kwa pua, Ysolda amekwisha kutandika nyasi upande wa ukuta mkavu. Lakini uje ukijua.

Ile kengele niliyokuandikia ililia kweli siku ile. Walikuwa wanamzika mfanyabiashara wa mvinyo. Mimi si mtu huru, Hawisa. Nilikudanganya.

Osbert